Siri Niliyomwambia Abiria Mwenzangu

Nina miaka thelathini na tatu. Nyumbani kwetu ni Binza, Maswa, lakini shughuli zangu ziko Bariadi, ambako nina duka la steshenari. Natoa fotokopi, nauza madaftari, kalamu na vitabu. Sijaolewa. Kwa miaka mingi, kila aliyeniuliza nina watoto wangapi nilimjibu kwamba sina.

Nilikuwa nadanganya.

Naitwa Minza. Najua wapo watakaosoma haya wanicheke, hasa wa hapa Simiyu wanaonifahamu. Wacheke tu... nimeshachekwa hadi nikazoea. Namwandikia yule ambaye bado hajafungua mdomo wake.

Niseme kwanza kwamba nilikuwa mgonjwa wa hadithi za mapenzi. Zaidi nilipenda zile za watu wawili wasiojuana wanaokutana safarini. Anapanda huyu, anapanda yule, mizigo inachanganyika, na safari inapofika mwisho wameshapendana. Dukani kwangu zilijaza rafu nzima, na nyingi nilizisoma mwenyewe kabla ya kuziuza. Nilikuwa nimefikisha miaka thelathini, wenzangu wote wameolewa, na kila nilipopanda basi nilitazama kwa hamu ni nani anakuja kukaa pembeni yangu. Mara zote alikuwa mama mwenye kuku wake, au mzee anayesinzia kabla gari halijatoka stendi.

Mpaka siku ile niliyotoka Haydom.

Nilikuwa nimekwenda kwenye harusi ya rafiki yangu niliyesoma naye. Ulikuwa msimu wa mvua. Asubuhi nikapanda basi la kurudi Bariadi kwa njia ya Meatu. Mimi nilikuwa dirishani, na kiti cha pembeni akaja kukaa mwanaume wa miaka kama thelathini na nane hivi, mwembamba, mwenye miwani, begi moja la mgongoni na daftari dogo la jalada jeusi. Akanisalimia kwa adabu. Akasema anaitwa Gidioni, anatoka Morogoro, na kazi yake ni kuandika riwaya za mapenzi.

Jamani! Mwandishi! Tena wa riwaya za mapenzi! Nilijiona kama nimeingia ndani ya kitabu chenyewe.

Tulipokaribia Bukundi basi likasimama. Korongo lilikuwa limejaa, maji ya rangi ya chai yanapita juu ya barabara yakikokota matawi. Dereva akasema havuki mpaka yapungue. Ilikuwa saa tano asubuhi. Abiria wote tukashuka, wenyeji wakatuletea mahindi ya kuchemsha na maziwa ya mgando, na tukakaa kwenye majani hadi jua likaelekea kuzama.

Gidioni alininunulia hindi, akalimenya maganda mwenyewe, ndipo akanipa. Alitandika koti lake nikae. Aliniuliza maswali, na ajabu yake ni kwamba alisubiri majibu. Wanaume wangapi husubiri jibu? Aliinamisha kichwa kidogo, akanitazama, akanyamaza mpaka nimalize. Sikuwahi kusikilizwa hivyo tangu nizaliwe.

Karibu na sisi alikaa binti mmoja mdogo mwenye mtoto mchanga. Mtoto akaanza kulia, analia hadi sauti inakatika, na yule binti hajui amshike vipi. Mimi nikainuka, nikaenda kusimama mbali, karibu na maji. Gidioni akanifuata.

"Hupendi watoto?" akaniuliza.

"Napenda."

"Mbona mtoto akilia unakimbia?"

Sijui nini kilinipata. Labda ni lile wazo kwamba huyu ni msafiri tu, tutaachana stendi na sitamwona tena maishani. Nikafungua mdomo. Nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia hata mchungaji wangu.

Nilimwambia kwamba mdogo wangu Kabula si mdogo wangu. Ni mwanangu wa kumzaa.

Nilipata mimba nikiwa na miaka kumi na sita, mimba ya karani mmoja aliyekuja na msimu wa kununua pamba akaondoka na msimu huohuo. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu Usukumani, hakunipiga wala hakunifukuza. Alinipeleka Lingeka kwa shangazi yangu. Yeye akabaki Binza akijifunga kanga tumboni, kila mwezi anaongeza moja, ili majirani wamwone ni mjamzito. Siku zangu zilipokaribia naye akaja Lingeka. Nikajifungua mvua ikinyesha, ndiyo maana mtoto akaitwa Kabula. Mayu akarudi Binza na mtoto mgongoni, na mimi nikarudi wiki tatu baadaye, nikiwa dada mtu.

Baba yangu, ambaye sasa ni marehemu, alikubali kwa sharti moja tu: lisitamkwe tena. Kabula akakua anamwita bibi yake mayu, na mimi ananiita dada.

Haya yote nilimwambia mtu niliyemfahamu kwa saa chache! Na sikuishia hapo. Nikamwambia na lile baya kuliko yote... kwamba nikiwa Lingeka na tumbo langu, kila siku nilipiga magoti kumwomba Mungu mtoto yule azaliwe amekufa, ili nirudi shule.

Nililia niliposema hivyo. Gidioni alinishika mkono.

Baadaye kidogo nilimwona ameegemea tairi la basi, anaandika harakaharaka kwenye lile daftari lake. Nikadhani anaandika habari za maji.

Maji yalipopungua tukavuka. Yeye alikuwa anaelekea Mwanza, lakini alishuka na mimi Bariadi, akapanga chumba gesti, akakaa siku tatu. Wasomaji wenzangu, mnajua wenyewe mwanamke wa miaka thelathini aliyesoma rafu nzima ya mapenzi anavyoanguka. Nilianguka mzimamzima!

Mwaka mzima uliofuata tulizungumza kwenye simu kila siku. Alikuja Bariadi mara nne. Mara mbili nilimpeleka Binza nyumbani. Alijifunza kumwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwadila mayu," na mama akacheka hadi akafuta machozi kwa kitambaa chake cheupe cha kwaya. Alikula michembe yetu, viazi vikavu, akaomba aongezewe. Mama akaniambia pembeni, "Ng'wanone, mwanangu, huyu ana masikio. Mshike."

Na Kabula! Kabula alikuwa na miaka kumi na minne, yuko kidato cha kwanza, anapenda kusoma kuliko kula. Alimwita shemeji tangu siku ya kwanza. Gidioni alikaa naye barazani akimsahihishia insha zake, akamwambia ana kipaji. Nilimsikia anamwuliza kovu lililo sikioni kalipata wapi, na Kabula akamsimulia alivyomwagikiwa uji wa moto akiwa mdogo. Nikawatazama wawili hao, moyo ukayeyuka. Nilijiona nina familia.

Kwenye simu aliniambia anaandika kitabu chetu. Kitabu cha watu wawili wasiojuana waliokutana njiani na kuzuiwa na maji. Nilijisikia malkia! Alikuwa ananiuliza mambo madogomadogo. Mayu alifunga kanga ngapi? Shangazi wa Lingeka alikuwa na sura gani? Uliposikia mtoto analia mara ya kwanza uligeukia ukutani au ulitazama? Nikajibu. Yote nikajibu. Niliona ni mapenzi, kwamba nimempata mtu anayetaka kunijua hadi mwisho.

Mara moja tu nilimwuliza, "Lakini yale ya Kabula huyaweki, sivyo?"

Akacheka. "Kwani mimi mwendawazimu, Minza?"

Nikaridhika. Swali kubwa namna ile, nikaridhika na kicheko! Akaniambia kitabu kikitoka tu, anatuma washenga Binza.

Kitabu kikatoka. Aliniletea boksi zima kwa basi, nalo likafika dukani siku ya Ijumaa, wiki ya kufungua shule, wakati sina hata nafasi ya kunywa chai. Kiliitwa Kiti cha Dirishani. Nikakipanga mbele kabisa, mahali pa kuonekana. Kila aliyeingia kununua madaftari nilimwonyesha, nikasema kimeandikwa na mchumba wangu. Hadi jioni vilikuwa vimeondoka karibu nusu.

Jumamosi nikapata muda wa kusoma sura tano. Nililia kwa furaha! Lilikuwa basi letu, mahindi yetu, koti lake kwenye majani. Msichana wa kitabuni alikuwa anaitwa Milembe, na alikuwa mzuri kuliko mimi. Nikasema, kumbe ndivyo anavyoniona.

Jumapili nikaenda Binza. Nikachukua nakala moja, nikamwomba mwenye duka jirani anifungie vizuri kwa karatasi ya zawadi, nikampa Kabula. Nikamwambia, "Shemeji yako amekuandikia."

Kwa mikono yangu mwenyewe... Nilimpa kwa mikono yangu.

Mimi ni msomaji wa polepole, na wiki ile duka lilinielemea. Kabula kitabu cha kurasa mia mbili alikimaliza kwa siku mbili.

Alhamisi mchana alikuja Bariadi peke yake, amevaa sare ya shule. Nilimwona amesimama mlangoni. Wateja walikuwa watatu. Alisubiri hadi wakaondoka wote, ndipo akasogea kwenye kaunta, akaweka kitabu, akakifungua mahali alipokunja ukurasa.

"Dada, soma hapa."

Nikasoma. Ilikuwa sura ya tisa. Milembe yuko kando ya maji, anamweleza mwanaume habari za mdogo wake aitwaye Masika ambaye si mdogo wake. Kanga tumboni zipo. Shangazi wa Lingeka yupo, na Lingeka imeandikwa vilevile, Lingeka! Mama mwenye kitambaa cheupe cha kwaya yupo. Kovu la uji kwenye sikio la kushoto lipo. Na chini ya ukurasa, Milembe anasema: Kila siku nilimwomba Mungu azaliwe amekufa.

"Nina swali moja tu," Kabula akasema. Hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu mzima. "Hayo mengine nitamwuliza mayu. Wewe nakuuliza hili la mwisho. Ni kweli ulisema?"

Wasomaji wenzangu, kwa nini sikudanganya? Nilikuwa nimedanganya miaka kumi na mitano, siku ile moja nilishindwa nini? Au kwa nini sikusema ukweli wote, kwamba nilikuwa na miaka kumi na sita, kwamba nilikuwa naogopa, kwamba siku alipougua surua nilimwomba Mungu huyohuyo anichukue mimi amwache yeye? Maneno yote yalikuwepo. Sikutoa hata moja.

Akaingia mteja. Baba mmoja, anataka kutoa fotokopi ya kitambulisho. Na mimi... Mungu anisamehe... nikakipokea kile kitambulisho, nikageuka, nikakiweka kwenye mashine. Mikono yangu ilitaka kitu cha kufanya. Mashine ikawaka, karatasi ikatoka, nikamkabidhi baba wa watu.

Nilipogeuka tena Kabula hakuwepo. Kitabu alikiacha juu ya kaunta.

Nilifunga duka, nikakimbilia Binza. Nilipofika walikuwa wameshamalizana. Kabula amejifungia chumbani, na mama amekaa nje kwenye kigoda, kisu mkononi, viazi mbele yake, hamenyi. Nikapiga magoti.

"Umemwambia nani?" akaniuliza.

"Gidioni, mayu."

"Lini? Ulipomleta hapa nyumbani?"

Nikatazama viazi.

"Nakuuliza lini!"

"Siku ya kwanza. Kwenye basi."

Mama yangu alinitazama kama ananiona mara ya kwanza. Akasema polepole, "Mimi nilifunga kanga tumboni kwenye jua la Binza. Nilisimama mbele ya mchungaji na mtoto mikononi, nikaitika kwamba ni wangu. Baba yako alikata roho ameshika mkono wangu, ananikumbusha nisiseme. Nimekubebea aibu yako miaka kumi na mitano, Minza. Wewe ukampa mtu wa kwenye basi. Halafu ukaiweka dukani, ukaiuza."

Kesho yake nikampigia Gidioni. Nililia, nikapiga kelele, nikamtukana. Alinisubiri nimalize kama kawaida yake. Kisha akaniambia sijaelewa, kwamba hiyo ni kazi ya sanaa, kwamba majina alibadilisha, na kwamba watu wanampigia simu kutoka mikoa yote wakilia kwa sababu ya sura ya tisa.

"Umesoma mwisho?" akaniuliza. "Soma mwisho, Minza. Mwishoni Masika anamkumbatia Milembe, anamwita mama. Nimewapatanisha."

Amewapatanisha!

Akakata simu, na tangu hapo hakupokea tena. Nikatafuta namba nyingine ambayo aliwahi kunipigia siku moja simu yake ilipozima. Ikapokewa na mwanamke. Nikasema namtafuta Gidioni, na kabla sijamaliza nikaanza kulia. Yule mwanamke akavuta pumzi ndefu.

"Samahani," akasema, "wewe ni wa safari ipi? Yule wa Mbinga, au yule wa kwenye maji?"

Nikasikia mdomo wangu unajibu, "Wa kwenye maji."

"Pole, mdogo wangu. Wa Mbinga naye alilia hivyohivyo. Mimi ni mke wake." Kisha akaongeza, "Mimi ndiye niliyekuwa kitabu cha kwanza."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nilirudi dukani nikatoa nakala zilizobaki, nikazichoma moto uani. Nikawafuata walionunua, nyumba kwa nyumba, nikiwaomba wanirudishie. Baadhi walinirudishia huku wananitazama sana usoni, wanatafuta Milembe yuko wapi. Wengine walisema wameazimisha. Na ilikuwa bure! Kurasa za sura ya tisa zilikuwa zimeshapigwa picha, zinazunguka kwenye simu za watu Bariadi na Maswa. Wauza vitabu wa stendi wakaagiza maboksi mengine, maana sasa kila mtu alikitaka. Anayeingia dukani kwangu kununua kalamu, anainunua huku anatabasamu.

Shuleni Kabula aliitwa Masika. Wanafunzi walimwandikia jina hilo kwenye dawati. Mwalimu mmoja wa kike, aliyedhani anamsaidia, alimwita ofisini akamkumbatia na kumwambia kitabu kimemliza. Siku hiyohiyo Kabula alimwambia mama kwamba harudi pale.

Wakamhamishia Meatu, akaenda kuishi Lingeka kwa shangazi, nyumba ileile alimozaliwa. Siku ya kuondoka nilikuja Binza na begi jipya na sare mbili mpya. Alivipokea, akasema asante dada, akaviweka chini. Nilipoinama kumfungia zipu ya begi lake la zamani akavuta mguu ili nisimguse. Vile vipya nilivikuta jikoni baadaye, havijafunguliwa.

Nilimwandikia barua nyingi, nikampigia simu kupitia shangazi. Siku moja tu alikubali kuongea. Nikamwambia yote niliyoshindwa kusema siku ile dukani, hadi habari za surua. Alisikiliza. Kisha akasema, "Ulimwambia yeye kabla yangu. Hata haya ya leo usingeniambia kama hangeandika." Akampa shangazi simu.

Kuna uongo katika maneno yale? Hakuna. Ni mtoto wa miaka kumi na mitano, na alikuwa ameona kwa usahihi kuliko mimi.

Mama aliacha kwaya. Hakuna aliyemfukuza, alikwenda mwenyewe kwa mchungaji akakabidhi kitambaa. Mchungaji alimsihi abaki, akamwambia Mungu anajua. Mama akajibu, "Mungu alijua tangu zamani. Sasa wanajua na wenzangu." Akawa anasali nyumbani, mlango umefungwa. Nyumba ile iliyokuwa na kelele za Kabula ikabaki na mtu mmoja. Mimi nikija ananipikia, ananiwekea chakula, haketi nami. Nilimwomba msamaha hadi nikakosa namna mpya ya kuomba. Alikuwa anasema, "Nimesikia." Hakuwahi kusema, nimesamehe.

Shinikizo la damu alikuwa nalo tangu zamani. Mwaka jana, asubuhi moja, jirani alimkuta ameanguka karibu na jiko. Alikaa hospitalini siku nne, hawezi kusema, anatutazama tu. Siku ya tano akafariki.

Kabula alikuja kutoka Lingeka kuzika. Alikuwa amerefuka, amenipita kimo. Watu walijaa Binza siku ile, wa kwaya, wa sokoni, ndugu wa Meatu wote, na nadhani hakukuwa na mtu mzima hata mmoja ambaye hakuwa ameisikia habari yetu. Ulipofika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu, nilisimama, maana mimi ndiye mkubwa na karatasi nilikuwa nimeiandaa. Kabula akaniwahi. Alikuwa na karatasi yake.

Alisoma kwa sauti ya wazi, bila kutetemeka. Mahali alipozaliwa mama yetu, alipoolewa, miaka aliyoimba kwaya. Kisha akafika kwenye familia.

"Marehemu ameacha watoto wawili, Minza na Kabula," akasoma. Akainua macho, akanitazama mimi, mimi peke yangu katika watu wote wale. "Marehemu hakujaliwa mjukuu."

Wamama wa kwaya waliinamisha vichwa. Mchungaji alitazama Biblia yake. Hakuna aliyemsahihisha. Nani angethubutu? Alikuwa amechagua mama yake, na alimchagua mbele ya kaburi lake, na kwa haki kabisa.

Baada ya mazishi watu wakapanga mstari kutupa pole. Ukafika wakati mimi na yeye tukatazamana. Akaninyooshea mkono kama wanavyofanya wafiwa.

"Pole kwa kufiwa na mayu, dada."

Nikaushika. Ulikuwa mkono wangu ule, vidole vyangu, kucha zangu zilezile. Nikamwambia, "Pole na wewe, mdogo wangu."

Kesho yake akarudi Lingeka. Sasa yuko kidato cha nne. Habari zake nazipata kwa shangazi.

Ndugu zangu, sikuja hapa kulaani hadithi za mapenzi wala wanaume wa kwenye mabasi. Gidioni ni mwongo na mkatili, na Mungu anamwona. Lakini ile siri haikuwa yangu niigawe ili nionewe huruma kando ya maji. Ilikuwa ya Kabula. Miaka yote ile alikuwa amekaa mezani mbele yangu, anakula, ananiuliza maswali ya hesabu, nami nikamnyima yeye, nikampa mpita njia kwa sababu tu aliinamisha kichwa na kunisikiliza.

Wewe unayesoma haya, dada yangu, ambaye nyumbani kwenu kuna mtoto anayekuita shangazi, au dada, au mama mdogo, na unajua wewe ni nani kwake... nakusihi! Usimwambie mchumba wako. Usimwambie rafiki. Usisubiri mkubwa fulani afe kwanza ndipo uwe huru. Mwite mwenyewe, mkalishe, mwambie kwa mdomo wako ukiwa unamtazama. Atalia. Atakuchukia, pengine mwaka mzima, pengine zaidi. Lakini atakuwa amesikia kwako, na siku akiwa na swali atajua mlango wa kugonga.

Akiuliza, jibu. Hata kama dukani kumejaa watu, jibu.